Seiko SPB143 iliyotumika kwa shilingi 95,000: nikague nini kabla ya kulipa?

Mwalimu_Buruburu

Wanajukwaa, hamjambo. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta saa ya wapiga mbizi ya Seiko aina ya SPB143, ile iliyotolewa mwaka wa 2020 kwa kufuata sura ya 62MAS ya mwaka wa 1965, ambayo ndiyo saa ya kwanza ya wapiga mbizi kutengenezwa Japani. Hatimaye nimeipata moja hapa Nairobi kwa mtu binafsi, naye anataka shilingi 95,000. Ilipoingia sokoni iliuzwa dola 1,200 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 150,000 kwa viwango vya siku hizi, kwa hivyo bei anayoitaka si ya kutupa na wala si ya kuruka. Ingekuwa shilingi 30,000 ningejua mara moja kwamba ni bandia, nikaendelea na shughuli zangu.

Muuzaji ni mtu mstaarabu. Anasema aliinunua nje ya nchi ikiwa mpya mwaka wa 2022, akawa anaivaa kwenda ofisini tu, na kwamba haijawahi kufunguliwa na fundi. Boksi analo, ila risiti imepotea. Kifuniko cha nyuma ni cha chuma kitupu chenye nembo ya wimbi, hivyo mashine iliyo ndani haionekani hata kidogo. Kasha lina mikwaruzo midogo, pete ya nje ina kovu moja karibu na alama ya dakika 20, na mkanda wa chuma umepunguzwa pingili mbili ambazo hajui ziliko.

Ningependa kujua nitathibitishaje, bila kuifungua, kwamba ndani mna 6R35, mashine halisi ambayo Seiko huiweka katika saa hii. Pili, je, maandishi ya mita 200 yaliyo usoni mwake yanaweza kuaminiwa baada ya miaka hii yote, maana huogelea kila wiki na mwezi wa Desemba nitakuwa Diani? Tatu, mkono wangu una mzingo wa sentimita 16 tu, nami sipendi saa inayoonekana kama nimeazima kwa kaka yangu. Mwisho, je, ni busara kununua hii au nivumilie hadi niipate 62MAS yenyewe?

Akrabu_Ndefu

Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. 62MAS ya asili ilikuwa na mashine ya 6217 yenye vito 17 (vijiwe vya kupunguza msuguano), ikipiga mapigo 18,000 kwa saa, na ilistahimili maji hadi mita 150. Ilipata heshima yake mikononi mwa wanachama wa misafara ya utafiti ya Japani kule Antaktika kati ya mwaka wa 1966 na 1969. Ni saa tukufu, lakini kila iliyosalia leo ina umri wa karibu miaka sitini, nyingi zimeshabadilishwa uso au akrabu, na ukienda nayo majini utakuwa umeamua kuiua. Mwaka wa 2017 Seiko ilitoa SLA017, ambayo inaifuata ile ya kale kwa karibu zaidi, lakini zilitengenezwa 2,000 tu na bei yake ilizidi ya SPB143 zaidi ya mara mbili. Kwa mtu anayetaka sura ya 1965 pamoja na kioo cha yakuti na mashine ya kisasa, SPB143 ndiyo mahali pa kusimama.

Kuhusu ukubwa, watu hutazama kipenyo cha milimita 40.5 wakaogopa, ilhali kipimo kinachoamua ni urefu kutoka ncha ya masikio ya juu hadi ncha ya masikio ya chini, yaani vile vichomozo vya kasha vinavyoshika mkanda, ambao ni milimita 47.6. Kata kipande cha karatasi chenye urefu huo, ukilaze juu ya mkono mahali unapovalia saa, kisha utazame kama ncha zake zinatokeza nje. Kwa mkono wa sentimita 16 nadhani hazitatokeza. Unene ni milimita 13.2, kwa hivyo chini ya mkono wa shati lililofungwa kifungo itakusumbua kidogo, na hilo huna budi kulizoea.

Bei ina nafasi ya kushuka. Mwaka wa 2024 Seiko ilitoa warithi wa saa hii, SPB453 na wenzake, wenye uwezo wa mita 300 na mashine ya 6R55 yenye akiba ya saa 72, yaani muda inaotembea ikishajazwa kabisa. Mtu anayeuza SPB143 leo anauza saa ambayo tayari ina mdogo wake sokoni, naye hawezi kudai kwamba ni adimu. Tena mwambie afungue kifuniko mbele yako. Akikataa, achana naye.

Fundi_Mstaafu

Mwalimu, nimekaa kwenye meza ya saa hapa mjini kwa miaka mingi kabla macho hayajaanza kudai mapumziko, na kwa heshima zote sikubaliani na Ndugu Akrabu kuhusu kufungua kifuniko. Kifuniko cha saa hii hufungwa kwa skrubu, tena kwa nguvu. Mtu akitumia ufunguo usiolingana na meno yake, ataacha mikwaruzo ambayo haitaondoka, na gasketi iliyo chini yake, yaani pete ya mpira inayozuia maji, haipaswi kurudishwa baada ya kuvuliwa bila kukaguliwa, kupakwa mafuta ya silikoni au kubadilishwa. Muuzaji anayekataa saa yake ifunguliwe kwenye meza ya mkahawa hana hila yoyote, ana akili. Nisingeruhusu hata mimi.

Anza na maandishi ya nyuma. Kwenye kifuniko utaona nambari ya aina ya mashine na kasha, ambayo lazima ianze na 6R35, halafu nambari ya mfululizo yenye tarakimu sita. Tarakimu ya kwanza ya mfululizo huo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na herufi au tarakimu ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Saa inayoanza na 0N, kwa mfano, ilitengenezwa Novemba 2020, nayo inaweza kabisa kuwa ilinunuliwa mpya mwaka wa 2022 kwa kuwa saa hukaa dukani. Lakini ukikuta inaanza na 7 au 8, jiulize saa iliyotoka mwaka wa 2020 ilitengenezwaje mwaka wa 2017 au 2018.

Sasa swali lako la msingi. Hatari kubwa kwa saa yenye kifuniko kisichoonyesha ndani ni kuwekewa mashine ya NH35. Hiyo nayo hutengenezwa na kampuni za Seiko na kuuzwa kwa watengenezaji wengine wa saa, ina vito 24 kama 6R35, hupiga mapigo 21,600 kwa saa kama 6R35, na akrabu ya sekunde husimama ukivuta kishikio cha pembeni. Ukiiweka sikioni hutatambua tofauti. Hata kipima mwendo cha fundi, kile kinachosikiliza mapigo kwa maikrofoni, kitaonyesha namba zinazofanana. Tofauti moja haifichiki: NH35 ikijazwa kabisa hutembea kwa takriban saa 41, na 6R35 hutembea kwa takriban saa 70.

Kwa hivyo ijaribu hivi. Fungua kishikio cha kutilia ufunguo, nacho kitaruka nje kidogo. Usikivute, kizungushe tu kuelekea mbele, polepole, mizunguko hamsini na zaidi. Usiogope kuvunja kitu, kwa sababu kamani, ile springi inayoiendesha saa ya kujijaza yenyewe, haina mahali pa kukwama. Ikishajaa huteleza ndani ya pipa lake. Kikaze kishikio, andika saa na dakika ulizomaliza, kisha uilaze saa uso ukitazama juu mahali ambapo hakuna mtu atakayeigusa, kwa kuwa ukiitikisa tu itaanza kujijaza tena na jaribio litakuwa halina maana. Haina haja ya kuilinda usiku kucha, maana itakaposimama akrabu zenyewe zitakuonyesha ilikata roho saa ngapi, nawe utajua siku kwa kuichungulia asubuhi na jioni. Ikizidi saa 60, mashine ni yake na kamani ina afya. Ikisimama kati ya saa 38 na 45, ama ni NH35 ama ni 6R35 iliyochoka, na kwa vyovyote vile hiyo si saa ya shilingi 95,000.

Katika muda huo huo linganisha mwendo wake na saa ya simu. Seiko yenyewe huahidi kwamba 6R35 haitazidi sekunde 25 wala kupungua sekunde 15 kwa siku. Mashine hizi zina tabia ya kubadilisha mwendo kulingana na namna zilivyolazwa, hivyo usishangae ikipata sekunde ikilala kifudifudi na kupoteza ikisimama kwa ubavu. Ikikimbia dakika nzima kwa siku, usiihukumu upesi. Isogeze dira karibu nayo. Sindano ikicheza, saa imeshika sumaku ya spika au ya kifuniko cha simu, na kuiondoa ni kazi ya dakika moja kwa fundi.

Hatimaye unyevu. Pasha saa joto kwa kuiweka juu ya kikombe kilichojaa maji ya moto ya kadiri na kufunikwa kwa kisahani, hadi kioo kiwe cha vuguvugu kama shavu la mtoto. Dondosha tone moja la maji baridi katikati ya kioo, hesabu hadi sitini, kisha ulifute kwa kitambaa. Kama upande wa ndani pametokea duara la ukungu, maji yamekwisha kuingia siku moja, na hadithi ya kwenda ofisini tu imekufa.

Kuhusu mikwaruzo, usimruhusu mtu yeyote aing'arishe. Chuma cha saa hii kina tabaka gumu ambalo Seiko huliita Diashield, na kitambaa cha mashine ya kung'arishia kitaliondoa pamoja na kingo kali za masikio ambazo ndizo uzuri wake. Kovu lililo kwenye pete huwezi kulitengeneza. Utavumilia, au utabadilisha.

Mbizi_Diani

Dada Mwalimu, mimi hufundisha upigaji mbizi Pwani wakati wa msimu, nikirudi Nairobi mvua zikianza, kwa hivyo nitajibu la maji tu.

Neno DIVER'S likiandikwa usoni pamoja na mita 200 lina uzito kuliko maandishi ya kawaida ya kustahimili maji, kwa sababu hufuata ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, ambacho hudai saa ijaribiwe kwa shinikizo linalozidi kina kilichoandikwa kwa robo. Hata hivyo, kiwango hicho ni cha siku ilipotoka kiwandani. Mpira wa gasketi hukauka, chumvi na jasho hukaa kwenye nyuzi za skrubu ya kishikio, na mtu mmoja akisahau kukaza kishikio mara moja tu, mita 200 zinakuwa sifuri. Hivyo basi, saa yoyote iliyotumika ihesabu kuwa haiwezi maji hadi mashine ya shinikizo iseme vinginevyo. Wapo mafundi wa Nairobi wenye mashine ndogo inayoweka saa ndani ya hewa iliyoshindiliwa na kupima kama kioo na kasha vinajibonyeza na kurudi kama vinavyostahili. Jaribio hilo halihitaji tone la maji, hivyo saa ikishindwa mashine yake inabaki salama. Lifanye kabla ya bwawa la kuogelea.

Kina kisikutishe. Kila mita kumi za bahari huongeza takriban uzito wa angahewa moja, na mpiga mbizi wa burudani haruhusiwi kupita mita 40. Saa ikifaulu hata shinikizo la angahewa 10 kwenye meza ya fundi, itakutosha Diani na hata Kisite, mradi usiguse kishikio ukiwa majini. Ukitoka baharini ioshe kwa maji baridi ya bomba huku ukizungusha pete ya nje mara kadhaa, maana mchanga mwembamba wa kule kwetu hupenda kujificha chini yake.

Pete hiyo nayo ikague kabla ya kulipa. Inapaswa kuzunguka upande mmoja tu, kinyume na akrabu, bila kulegea. Sababu yake ni ya uhai: ikigongwa majini, inaweza tu kukuonyesha kwamba umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa, hivyo utapanda mapema badala ya kuchelewa. Iweke alama ya pembetatu kwenye 12 utazame kama imelingana. Zipo Seiko zinazotoka kiwandani zikiwa zimekosea nusu ya hatua, na wenye jicho kali hawalali.

Karani_wa_Sheria

Nitaongeza machache. Kosa la kupokea mali ya wizi liko chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na kukosekana kwa risiti ndiko kunakofanya karatasi kati yenu iwe ya lazima. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja yenye nambari ya mfululizo ya saa, bei, nakala ya kitambulisho chake na chako, na tamko lake kwamba saa ni mali yake halali. Lipa kwa M-Pesa kwa nambari yake mwenyewe, na utazame kama jina linalojitokeza linafanana na lililo kwenye kitambulisho. Akitaka ulipie kwa nambari ya shemeji, ahirisha.

Kwa kuwa jaribio la Mzee Fundi linahitaji siku kadhaa, toa amana ya sehemu ya bei na uandike kwenye karatasi hiyo hiyo masharti ya kurudishiwa. Mkutane ndani ya ukumbi wa benki, si kwenye gari.

Kama unafikiria kuagiza kutoka Japani badala yake, usisahau kwamba juu ya bei na usafiri kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Watu wengi huona bei ya Tokyo wakafurahi kabla ya kufika kwa wakala wa forodha.

Akrabu_Ndefu

Mzee Fundi, nimekubali kuhusu kifuniko, ingawa bado naona kwamba baada ya malipo ni lazima ifunguliwe na gasketi zote zibadilishwe, ikiwemo ya kishikio. Mwalimu, hesabu gharama hiyo ndani ya bei unapopatana. Hesabu pia pingili mbili zilizopotea. Mkono wako ni mdogo hivyo huenda usizihitaji, lakini siku utakapoiuza, mnunuzi mwenye mkono mkubwa atakuuliza ziko wapi, na pingili halisi za Seiko si rahisi kupatikana hapa wala si za bei ya mchezo.

Mwalimu_Buruburu

Asanteni sana, hasa Mzee Fundi. Tulitia saini karatasi kama alivyoshauri Karani, nikaacha nusu ya pesa, nikaja nayo nyumbani Ijumaa. Nambari ya mfululizo inaanza na 0D, hivyo ni ya Desemba 2020. Nilimaliza kuijaza saa kumi na mbili jioni nikaiweka juu ya kabati ambapo watoto hawafiki. Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda shuleni ilikuwa bado inatembea, na niliporudi niliikuta imesimama, akrabu zikiwa kwenye saa sita na dakika kumi mchana. Hiyo ni zaidi ya saa 66. Kwa muda wote ilikuwa ikipoteza sekunde chache tu kwa siku, na jaribio la tone la maji halikuacha ukungu. Pete haijalingana sawasawa na alama ya 12, lakini lazima uitafute ndipo uione.

Nilimweleza kuhusu gasketi, pingili na ile saa mpya ya mita 300. Alinung'unika kidogo kisha tukakubaliana shilingi 86,000. Kesho naikabidhi kwa fundi mwenye mashine ya shinikizo. Je, nimwombe aifanyie huduma kamili, maana ina karibu miaka mitano?

Fundi_Mstaafu

Hapana. Mashine inayotembea saa 66 na kushika muda hivyo haina kiu ya mafuta bado. Mwambie abadilishe gasketi, ajaribu shinikizo kabla na baada, akupe majibu yote mawili kwa maandishi, na asiguse kitu kingine. Simama naye anapofungua, na umwombe akuonyeshe maandishi 6R35 yaliyo kwenye kile kizito kinachozunguka, upige picha. Picha hiyo itakusaidia siku ya kuuza kuliko boksi.

Jambo moja tu la matumizi. Saa ikiwa imesimama na unataka kuweka tarehe, usiibadilishe kwa haraka wakati akrabu ziko kati ya saa tatu usiku na saa saba usiku, kwa sababu katika muda huo meno ya kubadilisha tarehe yameshashikana na ukilazimisha unaweza kuyavunja. Zungusha akrabu kwanza hadi saa kumi na mbili, akrabu fupi ikiwa kwenye 6, weka tarehe ya jana, kisha peleka akrabu mbele hadi tarehe igeuke yenyewe, ndipo utajua uko asubuhi na si jioni.

Mwalimu_Buruburu

Nimekuelewa, Mzee. Na mkanda wa mpira wa milimita 20 kwa ajili ya bwawa, ninunue wa silikoni ya kawaida?

Mbizi_Diani

Silikoni hukusanya vumbi na nyuzi za taulo. Tafuta wa mpira mgumu wenye mikunjo karibu na kasha, halafu kagua vijiti vinavyoushika: vya Seiko ya wapiga mbizi ni vinene kuliko vya kawaida, na ncha nyembamba za vile vya bei rahisi hucheza ndani ya matundu hadi mkanda uchomoke. Omba vile vinene, au tumia vile vile vilivyokuja na saa.